Fishi ya Kumi na Nne

Siku ya kwanza nilipoingia katika maktaba yake nilipigwa kabla sijakaa. Nilikuwa nimevuta droo ya fishi, zile kadi za karatasi ngumu ambazo kila moja ina jina la kitabu na mahali kilipo, nikang'oa fishi niliyoitaka ili niende nayo kwenye rafu. Sikujua kuwa fishi haitoki. Ndani ya kila droo kulikuwa na chuma chembamba kilichopita katika matundu ya fishi zote kuzishikilia, na mimi nilivuta kwa nguvu mpaka tundu likachanika. Mtunza maktaba alikuja bila haraka. Alikichomoa kile chuma, akanichapa nacho vidoleni mara tatu, akakirudisha, kisha akanipa gundi na kipande cha karatasi nizibe nilipochana. Nikaziba huku damu inadondoka. Akanichapa ya nne kwa sababu ya damu.

Shule yetu ilikuwa Gihundwe, karibu na mpaka, na hapakuwa na mtu Gihundwe ambaye hakumjua. Wanafunzi walimwita Maman wa Fishi asipokuwepo, na akiwepo walimwita Maman tu. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea, kitenge kimekazwa kiunoni kama cha mtu anayekwenda kupigana. Na kweli alikwenda kupigana. Nilimwona akimpiga mwalimu wa jiografia kwa kamusi, tena kamusi nene, kwa sababu alikunja pembe ya ukurasa. Mwalimu yule alikuwa na ndevu na watoto watatu, na aliomba radhi.

Sisemi haya ili mcheke, ingawa mkicheka nitawaelewa. Nilimwogopa, nikamchukia, halafu nikampenda kuliko mwalimu yeyote aliyenifundisha. Leo sijui nimweke wapi, na ndiyo maana naandika.

Alikuwa na makabati manne. La kwanza lilipanga vitabu kwa majina ya waandishi, la pili kwa mada, la tatu lilikuwa la magazeti. Haya utayakuta kwingine. La nne alilibuni mwenyewe, na aliliita kabati la vinywa. Humo aliweka maneno ya watu: wavuvi, wazee, wanawake wanaovuka daraja na bidhaa kichwani, yeyote ambaye mwanafunzi amekwenda kumhoji. Kila fishi ya kabati hili ilikuwa na mistari mitatu ya lazima. Nani amesema. Aliona au alisikia. Kama aliona, alisimama wapi; kama alisikia, alisikia kwa nani.

Fishi ya mtu aliyesikia haikuruhusiwa kuingia kabatini mpaka umfuate yule aliyemwambia, naye umwandikie yake. Kabla ya hapo ililala mezani chini ya jiwe. Nimeona fishi zikilala chini ya jiwe lile miaka miwili. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa anaandika habari za mashua iliyozama aliiba fishi yake mezani akaiingiza kabatini kwa siri. Mtunza maktaba alimburuta kwa sikio kutoka bwenini mpaka maktaba, uwanja mzima ukitazama, na sikio lile halikukaa sawa tena.

Baadaye ni yeye mwenyewe aliyempeleka hospitali, akamshika mkono wakati anashonwa, akalala chini kando ya kitanda chake. Ndivyo alivyokuwa. Alikupiga halafu akakuuguza, na huruma yake ilikuwa ya kweli kama kipigo chake.

Somo lake lililojulikana zaidi lilianzia shavuni mwangu. Tulikuwa mwaka wa tano. Aliniita mbele ya darasa, akaniuliza habari za nyumbani, na nilipofungua mdomo kujibu akanizaba kofi lililonizungusha. Akagawa fishi, kila mtu moja, akatuambia tuandike tulichokiona: alipiga kwa mkono gani, nilikuwa nimegeukia wapi, na kila mmoja wetu alikuwa amekaa wapi. Mimi niliyepigwa niliandika mkono wa kulia. Ulikuwa wa kushoto. Waliokaa mbele waliandika maneno machache yenye mashaka, wa nyuma waliandika mengi bila shaka lolote. Fishi nzuri kuliko zote, yenye machozi yangu na jinsi nilivyoyumba nikaomba msamaha, iliandikwa na kijana aliyekuwa chooni wakati napigwa. Alisimuliwa mlangoni aliporudi.

Mtunza maktaba aliisoma ile fishi kwa sauti mara mbili.

"Hii ndiyo inauaka batu," akasema kwa Kiswahili chetu cha mpakani. "Muntu hakukuwa pale, na anaandika muzuri kupita bote."

Simu zilipokuja hakubadilika. Asubuhi moja ilitufikia sauti iliyotumwa mara nyingi, mwanamume anapiga kelele kwamba watu wanachinjana Rusizi ya Pili, pale mpakani, kwamba daraja limejaa maiti, tusitoke. Walimu wawili walikwisha kukusanya watoto wa karibu wawarudishe nyumbani. Mtunza maktaba aliomba simu aisikilize. Akauliza huyu anayesema ni nani. Hakuna aliyejua. Akauliza amesimama wapi. Hakuna aliyejua. Akaitupa simu ukutani ikatawanyika, simu ya mwalimu mkuu msaidizi, akapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka darajani. Alirudi na nyanya. Alisema wanawake wanavuka kama kawaida, na nyanya za leo ni mbovu.

Lakini mtu huyuhuyu hakula kwa jirani hata siku moja, akiogopa sumu. Alikuwa na orodha kichwani ya watu wa mtaa wake wanaowapa wenzao sumu, akaisema kwa uhakika kabisa. Nilimuuliza mara moja alisikia kwa nani. Akanyanyua chuma, nikakimbia. Alikuwa pia na redio ndogo juu ya kabati la tatu, na ukipigwa wimbo wa zamani wa Kilingala wa mtu anayeomba msamaha, alitoka nje akakaa nyuma ya choo mpaka uishe. Tulidhani aliwahi kuachwa na mwanamume, na tulikuwa na majina matatu ya huyo mwanamume.

Sasa nieleze jambo lililonifunga kwake.

Kaka yangu mkubwa aliuawa na umati Kamembe, mchana kweupe. Mtu mmoja alipiga kelele ya mwizi, na watu wakatoka kila upande na mawe, vyuma na fito za ujenzi. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kubeba mizigo ya wafanyabiashara kwenda na kurudi mpakani. Walipomaliza, mfukoni mwake mlikuwa na kitana na kitambulisho chake. Hakuwa ameiba kitu. Upelelezi haukufika mbali, kwa sababu kila aliyeulizwa alisema alifika baadaye. Ukiwasikiliza, kaka yangu alijiua mwenyewe na wao wakaja kutazama.

Lakini mtaani jina lilikuwepo. Watu wote walisema aliyepiga ile kelele ya kwanza ni fundi cherehani wa mtaa wetu, mwenye duka hatua chache kutoka pale, mzee wa Kiislamu ambaye kaka aliwahi kujifunza kazi kwake, wakagombana, akaondoka kwa maneno makali. Mama alilijua jina hilo. Mimi nililibeba miaka mitatu mpaka nilipofika mwaka wa mwisho wa chuo na kutakiwa kuandika tasnifu. Nikachagua mada ya watu kujichukulia sheria mkononi. Kwa profesa ilikuwa mada. Kwangu ilikuwa njia ya kumweka fundi kwenye karatasi yenye muhuri.

Nilihoji watu kumi na wawili. Wote walisema fundi. Nilifurahi, nakiri, nilifurahi kama mtu aliyekuta kisima. Na sikungoja kuandika. Jioni ya yule wa kumi na mbili nilikwenda moja kwa moja kwa fundi, nikamkuta peke yake ananyoosha suruali. Sikumuuliza neno. Nilimkamata mkono wa kulia nikaulaza juu ya meza, nikachukua pasi yake ya makaa, ile nzito ya chuma, nikaushindilia. Nilisikia mifupa. Nilipiga tena pale pale. Hakupiga kelele ya kuita watu. Alilia chini chini kama mtoto anayeogopa kuamsha nyumba, makaa yakamwagika sakafuni, na mimi nikatoka nikaenda nyumbani nikala vizuri.

Fundi aliwaambia watu kwamba cherehani imemwangukia. Nilijua kwa nini. Angenitaja mimi, mtaa ungekumbuka jina lake, na duka lingechomwa usiku huohuo.

Wiki iliyofuata nilizipeleka fishi zangu kwa mtunza maktaba, maana wanafunzi wake wa zamani tulirudi kwake hata tukiwa chuoni. Alisoma kichwa cha mada yangu tu, akaniangalia muda mrefu, akafunga mlango kwa ufunguo. Kisha akazipanga fishi chini sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuniuliza moja baada ya nyingine. Huyu aliona? Hapana, alisikia. Kwa nani? Kwa huyu. Na huyu? Kwa yule. Akawa anazisogeza, moja chini ya nyingine, mpaka zikawa kama mizizi ya mhogo, na mizizi kumi yote ikaishia kwa mtu mmoja ambaye sikuwa na fishi yake.

Mtu huyo alikuwa mama yangu. Siku ile mama alikuwa nyumbani anachambua maharage. Alilitaja jina la fundi msibani, siku ya pili, katika kilio, kwa sababu ya ule ugomvi wa zamani. Waliokuwa msibani walilibeba wakatoka nalo.

Wawili waliobaki walisema waliona. Mtunza maktaba alinishika mkono tukaenda Kamembe kwa miguu, juani, mpaka mahali ambapo kila mmoja alisema alisimama. Kwa wa kwanza huoni kitu ila ukuta wa ghala. Kwa wa pili unaona paa za mabati na kichwa cha mtu anayepita.

"Hii si batu kumi na mbili," akaniambia. "Hii ni kinywa moja na masikio kumi na mbili. Na ile kinywa haikukuwa pale."

Tuliporudi maktaba nikamweleza nilichomfanya fundi. Sikupanga kumweleza, kilitoka chenyewe. Alichomoa droo nzima ya kabati la nne, droo ya mninga iliyojaa, akanipiga nayo usoni. Kovu liko hapa juu ya jicho la kushoto mpaka leo. Nilianguka, fishi zikatapakaa juu yangu, akaendelea kunipiga na droo tupu mpaka ubao wa chini ukatoka. Halafu akakaa sakafuni katikati ya fishi zake, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumwona akilia mbele ya mtu. Nilidhani ananililia mimi, na pamoja na uchungu wote nikahisi kwamba bado ninapendwa.

"Uliulizaka batu kumi na mbili juu ya muntu mumoja," akasema alipoweza kusema. "Yeye mwenyewe haukumuuliza. Enda. Ile ni fishi ya kumi na tatu."

Nilikwenda na bendeji kichwani. Fundi aliponiona alirudi nyuma mpaka ukutani, akauficha mkono wake mbaya nyuma ya mgongo. Nikapiga magoti mlangoni, nikatoa fishi na kalamu, nikamuuliza alikuwa wapi siku ile.

"Nilikuwa hapa ku mashini," akasema. "Nilisikia batu banapiga kelele, nikasikia sauti ya mwanafunzi wangu anaita Papa Fundi. Nikafunga mulango. Andika ile, usiache."

Niliandika. Yeye ndiye mtu wa pekee katika mtaa mzima aliyekubali kuwa alikuwa karibu na hakufanya kitu. Nikamwambia nipelekwe polisi, akakataa, akasema ameshachoka na watu kupelekwa. Kwa hiyo nilikaa dukani kwake miezi minne nikimkatia vitambaa na kumpulizia makaa, mpaka alipojifunza kukata kwa mkono wa kushoto. Tasnifu nikaiandika upya. Ilisema kwamba aliyepiga kelele ya kwanza hajulikani. Profesa akanipa alama za wastani, akasema haina matokeo.

Mama hakuipokea. Nilimweleza habari za mizizi na kinywa kimoja, akaniambia nimesoma mpaka nimepotea. Kwake fundi alibaki fundi, na hawasalimiani hadi leo.

Mtu ambaye mama alimpenda ni mtunza maktaba. Msibani kwetu, mwanamke yule mkali wa maktaba alikuja bila kuitwa, akakaa siku tatu kando ya mama, akamshika mabega, akala kilichopikwa bila kuogopa sumu, akaosha masufuria ya watu wote mpaka mikono ikachubuka. Mama hakusahau. Tangu siku hizo walikuwa kama ndugu. Mwenzake alipostaafu na kuhamia Cyangugu kwa binti yake, katika nyumba ya mteremko inayotazama ziwa, mama alimwendea mara kwa mara.

Jumatano wiki hii mama alinituma kwake na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Nilijua anaumwa ila sikujua kiasi. Miguu ilikuwa imevimba, mabega yale yamekwisha, uso umebaki miwani. Alinikaribisha kitandani, akauliza habari za wanafunzi wangu, kwa maana sasa nami nafundisha. Nikamweleza, nikamchekesha kidogo. Binti yake alitoka kwenda jikoni. Hapo akaniambia nitoe fishi.

Nilikuwa nazo mfukoni, hilo si la ajabu, natembea nazo. Akaniambia niandike kwamba huyu aliona, na kwamba alisimama hatua nne. Nikamuuliza ni nani.

"Miye."

Nikamuuliza ni nini alichokiona. Nilikuwa bado natabasamu.

"Mvua ilianza. Batu bote banakimbia. Nikagusa bega, sakoshi yangu ya kubebea feza haiko. Nikaangalia bale banakimbia, nikachagua mumoja." Akapumzika. "Ni miye nilipigaka ile kelele ya mwizi. Sakoshi ilikuwa ku meza ya muuza vitenge. Nilikuwa nimeiacha mwenyewe."

Sikuandika. Nilimuuliza kwa nini hakusema msibani. Akasema alikuja kusema, alikaa karibu na mama akitafuta namna ya kuanza, na mama akaanza yeye, akataja jina la fundi, na yeye akainuka akaenda kuosha masufuria. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku ile ya fishi sakafuni, alipoona wazi kwamba fundi hana kosa na mkono wake nimeshauvunja. Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama saa ngapi. Ikanijia kwamba siku ile tulipokwenda Kamembe hakuniuliza njia. Alinitangulia mbele, mimi ndiye niliyemfuata.

"Nilikuwa nangoja unifikie," akasema. "Uliuliza bote. Miye haukuniuliza."

Nilimchukia kwa jibu lile kuliko kwa kelele aliyopiga. Kelele ni ya dakika moja, mtu amepotewa na sakoshi, mvua inanyesha, anaropoka. Lakini miaka yote ile kunipanga, kunipiga, kunisifu, kunipeleka mpaka ukutani mwa ghala nisione chochote, na kumwacha mama yangu amchukie mtu mwingine, hilo alilifanya taratibu, asubuhi kwa asubuhi. Mkono wangu ulikuwa umeshanyanyuka. Aliuona. Alivua miwani yake, akaiweka mezani mbali na ukingo, akaninyooshea uso.

Sikumpiga. Ningependa kusema niliingiwa na huruma. Sikumpiga kwa sababu binti yake aliingia na chai, akashangaa kunikuta nimesimama, akaniomba nikae ninywe ingali moto. Nikakaa. Nikainywa yote. Mtunza maktaba alikula sambaza za mama, polepole, moja moja, mpaka sahani ikaisha, machozi yakimtiririka bila sauti, na binti yake akamfuta akidhani ni maumivu ya miguu.

Nikaandika fishi nje, nimekaa kwenye ngazi za mteremko. Ilichukua mistari mitatu.

Jana niliipeleka kwa fundi, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, kanda ya kupimia ikiwa shingoni, kisha akaendelea kukata kola aliyokuwa anaikata. Hakumlaani. Aliuliza kitu kimoja tu, kama mama yangu anajua. Nikasema bado.

Niliporudi kutoka Cyangugu siku ile mama alikuwa mlangoni ananisubiri. Aliuliza hali ya rafiki yake, nikasema ni mgonjwa sana. Aliuliza kama amekula. Nikasema amekula zote. Akafurahi mpaka akapiga makofi, akasema Jumapili baada ya misa ataoka ndizi aende kumuona yeye mwenyewe, walale pamoja waongee. Leo ni Ijumaa.